Elimu kwa Kipimo: Uhakiki wa Maandishi ya Musa bin Maimun

Mlabani, katika mji wa Ifakara, ni mahali ambapo elimu hukutana na mhitaji wake kila siku. Hapo ipo taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ilipandwa katika miaka ya 1950, wakati Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara ya kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Katika mji huohuo ipo Hospitali ya Mtakatifu Fransis, na chuo kinachofundisha madaktari. Bonde la Kilombero limeandikwa sana: mbu wake wamehesabiwa, homa zake zimepimwa, vyandarua vyake vimejaribiwa. Lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo imo katika Kiingereza, na mkulima wa mpunga ambaye damu yake ilipimwa hakupata kuyasoma. Basi swali linajileta lenyewe: mwenye elimu aseme nini, kwa lugha gani, na kwa nani? Swali hili ni la kale. Wachache walishindana nalo kwa bidii kama Musa bin Maimun, mwanachuoni na tabibu wa Kiyahudi aliyefariki Misri mwaka 1204, na maandishi yake yafaa kusomwa kwa jicho hilo.

Kwa bahati mbaya, mlango ambao wanafunzi wengi wa utabibu huupitia kumwendea mwanachuoni huyu si mlango wake. Ipo sala ya tabibu, yenye kuomba huruma kwa mgonjwa na unyenyekevu mbele ya elimu, ambayo husomwa katika nchi mbalimbali kwa jina lake. Sala hiyo ilichapishwa kwanza kwa Kijerumani mwaka 1783, karibu miaka 600 baada ya kifo chake, na wachunguzi wengi huidhani kuwa kazi ya Marcus Herz, tabibu wa Berlin. Ni maneno mema, lakini si maneno yake. Urithi wa mtu hupimwa kwa kile alichokiandika, na alichokiandika Musa ni kigumu kuliko sala, na kina manufaa zaidi.

Musa alizaliwa Córdoba, nchini Uhispania, mwaka 1138. Alikuwa mtoto wa miaka 10 hivi wakati Wamuwahidi walipouteka mji ule, na Wayahudi wakakosa amani. Jamaa yake walitangatanga mpaka Fes, na mwaka 1165 wakapanda chombo kwenda Akka katika nchi ya Palestina, kisha wakashukia Misri na kufanya maskani Fustat, jirani ya Kairo. Ndugu yake Daudi alikuwa mfanyabiashara wa vito, na biashara yake ndiyo iliyompa Musa nafasi ya kusoma. Barua moja ya Daudi kwa nduguye imesalia mpaka leo, imeandikwa bandarini Aidhab, pwani ya Bahari ya Shamu. Baadaye Daudi alizama katika Bahari ya Hindi pamoja na mali yake na mali za watu, akaacha mjane na binti mdogo. Musa aliandika kwamba habari ile ilimlaza kitandani kiasi cha mwaka mzima. Kwa watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki msiba huu hauna ugeni: bahari iliyoleta riziki ndiyo iliyomla mleta riziki. Tangu hapo utabibu ukawa ndio ufundi wa kumlisha Musa na waliomtegemea.

Aliandika kwa lugha mbili. Ufafanuzi wake wa Mishna, uliokamilika mwaka 1168, na kitabu chake kikuu cha falsafa, ni vya Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kiebrania, kama ilivyokuwa desturi ya Wayahudi wa Misri. Vitabu vya utabibu navyo ni vya Kiarabu. Waswahili wanaijua desturi hii kutoka upande wa pili: Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake ya kale ina tarehe ya mwaka 1728, ni Kiswahili kilichovikwa herufi za Kiarabu. Watu huongea lugha ya sokoni, na huiandika kwa herufi walizofundishwa msikitini au katika sinagogi. Lakini kitabu chake cha sheria, Mishneh Torah, Musa alikiandika kwa Kiebrania, ili Myahudi wa Yemeni na Myahudi wa Ufaransa wakisome sawasawa. Hivyo kila kitabu chake kina mtu aliyekusudiwa, na kila mtu aliyekusudiwa ana kipimo chake cha maneno. Uhakiki wa maandishi yake, kwa hiyo, ni uhakiki wa vipimo vyake.

Kipimo cha kwanza ni cha uwazi mtupu. Mishneh Torah ni majuzuu 14, iliyokamilika karibu mwaka 1178. Sheria zilizotapakaa katika Talmud, kati ya mabishano ya karne nyingi, amezikusanya na kuzipanga kwa mlango na kwa hesabu, katika Kiebrania chepesi kisicho na mapambo. Nia yake ilikuwa kwamba mtu akiisoma Torati kisha akakisoma kitabu hiki, asihitaji kingine kati yake. Hapana shaka kazi hii ni tukufu. Lakini ili kuipata wepesi wake, Musa aliyaondoa majina ya mashahidi: hakusema hukumu hii imetoka wapi, wala nani aliipinga. Abraham ben David wa Posquières, katika kusini ya Ufaransa, alimshika papo hapo. Hoja yake ilikuwa ya haki: kadhi afanyeje anapoona hukumu ya kitabu inapingana na hukumu ya mwalimu wake, ikiwa kitabu hakisemi kinamtegemea nani? Musa mwenyewe baadaye alikiri katika barua kwamba ingefaa kuandikwe kitabu kingine cha kuonyesha vyanzo. Hakukiandika. Kitabu kilichokusudiwa kupunguza vitabu kikazaa rafu nzima za sherehe, na katika karne ya 16 Joseph Karo alifanya kazi kubwa ya kuzitafuta chemchemi ambazo Musa alizifunika. Hili ni funzo kwa kila mwandishi wa kitabu cha mafunzo. Kumrahisishia msomaji njia ni wema. Kumfutia alama za njia ni kumfanya asiweze kurudi wala kukosoa.

Kipimo cha pili kinaelekea upande mwingine kabisa. Dalalat al-Hairin, aliyoimaliza karibu mwaka 1190, aliiandika kwa ajili ya mwanafunzi wake Yusuf bin Yehuda na wachache waliofanana naye: watu waliosoma falsafa ya Aristotle na wakabaki na dini yao, wasijue waufuate upande upi. Sehemu kubwa ya juzuu ya kwanza ni kamusi ya maneno. Maandiko yanasema mkono wa Mungu, jicho la Mungu, Mungu akashuka, Mungu akaketi. Musa analishika kila neno na kuonyesha maana zake, mpaka msomaji aone kwamba maandiko yamesema kwa lugha ya wanadamu, na kwamba Mungu hana kiungo. Msomaji wa Kiswahili hapati taabu kumfuata. Akisikia kwamba fulani ana mkono mrefu, hatafuti futi ya kuupima, anafunga mlango. Akisikia kwamba fulani ana mkono wa birika, hafikiri chai. Lugha iliyozoea kusema hivyo inamsaidia mtu kuelewa hoja ya Musa kabla haijamalizika.

Lakini katika dibaji ya kitabu hicho Musa anatoa onyo la ajabu. Anasema atatoa vichwa vya mambo tu, na atavitawanya. Kisha anahesabu sababu 7 zinazofanya maandishi yapingane yenyewe kwa yenyewe, na anakiri kwamba mbili kati ya hizo, ya tano na ya saba, zitaonekana katika kitabu chake. Ya tano ni ya mwalimu: ili mwanafunzi aelewe jambo gumu, hupewa kwanza picha nyepesi isiyo kamili, na baadaye husahihishwa. Ya saba ni ya mwenye siri: mambo mengine ni ya kusemwa nusu na kufichwa nusu, na mtu wa kawaida asitambue kwamba kuna mgongano.

Hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kuchambua, maana sababu hizi mbili zimekaa bega kwa bega kana kwamba ni ndugu, na si ndugu. Ya tano ina ahadi ndani yake: mwanafunzi ataambiwa. Mwalimu wa darasa la kwanza anayesema kwamba jua linachomoza hasemi uongo. Miaka michache baadaye ataleta tufe na kueleza mzunguko wa dunia. Ya saba haina ahadi hiyo kwa watu wengi. Musa alikuwa na sababu. Alikuwa ameona makundi yakihukumiwa kwa imani, na alijua kwamba neno la kifalsafa katika kichwa kisicho tayari huweza kuivunja dini ya mtu bila kumpa hekima. Zama zilizofuata zilimthibitishia hofu yake: mwaka 1232 marabi wa kusini ya Ufaransa walipigana marufuku juu ya vitabu vyake, na inasimuliwa kwamba baadhi vilichomwa moto Montpellier. Walakini matokeo ya siri yale ni kwamba tangu karne ya 13 mpaka leo wasomi wanabishana juu ya alichokiamini kwa kweli. Amekuwa mcha Mungu kwa hawa na mwanafalsafa aliyejificha kwa wale. Mwandishi anayeficha kwa ajili ya wachache humpa kila msomaji ruhusa ya kujihesabu miongoni mwa wachache hao.

Jambo jingine katika kitabu hichohicho haliwezi kupitwa kimya na msomaji wa Afrika. Karibu na mwisho, katika mlango wa 51 wa juzuu ya tatu, Musa anapiga mfano wa mfalme katika jumba lake. Watu wamepangwa kwa ukaribu wao na mfalme: wengine wamefika ukumbini, wengine wanauzunguka ukuta, wengine wameupa mji mgongo. Walio nje ya mji kabisa, wasio na imani wala fikira, anawataja kuwa Waturuki wa mbali kaskazini na watu weusi wa mbali kusini, na wanaofanana nao. Na daraja yao anaiweka chini ya binadamu na juu ya nyani. Maneno haya hayapunguzwi uzito kwa kusemwa kwamba ndivyo zama zile zilivyofikiri. Ni kweli kwamba aliyarithi kutoka katika elimu ya Wayunani na Waarabu iliyogawa dunia kwa tabaka za joto na baridi, na kuwanyima akili wakazi wa ncha zake. Lakini Musa huyu ndiye aliyefundisha kwamba ukweli upokewe kwa yeyote ausemaye. Na ndiye aliyekataa kumfuata Galen, mkuu wa matabibu, palipokosekana ushahidi. Katika kitabu chake cha Fusul, sura ya 25, ambayo ni ya mwisho, yote ni ya kumkosoa Galen na kuonyesha anapojipinga. Basi mizani hiyo ilikuwa mkononi mwake, na katika habari ya watu wa kusini hakuitumia. Kizimkazi, katika kisiwa cha Unguja, ukuta wa msikiti una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani mwaka 1107, miaka 31 kabla Musa hajazaliwa. Walioyachonga walikuwa kando ya bahari ileile iliyomzamisha Daudi. Hakuwaona, hakuwauliza, akawahukumu kwa kusikia. Kosa lake halionyeshi ubovu wa kanuni yake. Linaonyesha mahali alipoiacha. Hukumu iliyo kali juu yake ni ile inayotolewa kwa sheria yake mwenyewe.

Baada ya uwazi uliofuta mashahidi na siri iliyowafungia wengi mlango, kipo kipimo cha tatu, nacho kimesahauliwa kwa kuwa kimo katika kitabu kidogo. Mwaka 1199 al-Qadi al-Fadil, aliyekuwa waziri wa Salahuddin, alimtaka Musa aandike maneno mafupi juu ya sumu: mtu aliyeumwa na nyoka afanye nini papo hapo, kabla tabibu hajafika? Dawa kubwa za viungo vingi zilikuwapo katika hazina ya mtawala, na viungo vingine viliagizwa kutoka nchi za mbali. Lakini nyoka hangoji hazina ifunguliwe. Musa aliandika kitabu kilichopangwa kwa haraka ya mwenye haja: kwanza wenye kuuma, kisha sumu zinazoliwa, dawa zilizo rahisi kupatikana, na kiasi cha kila moja. Hakuna siri humo. Wala hakuficha mipaka ya elimu yake.

Kitabu hiki kikifunguliwa katika bonde la Kilombero, ambako wakulima huhamia mashambani majira ya mpunga na kulala vibandani mbali na zahanati, haja yake haihitaji kuelezwa. Shirika la Afya Duniani liliiingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa mwaka 2017 tu. Hata hivyo mtu asikitumie kama kilivyo. Musa aliagiza pafungwe juu ya jeraha na sumu ifyonzwe; madaktari wa leo wanakataza yote mawili, kwa kuwa kufunga kwa nguvu huweza kuua kiungo, na kufyonza hakuondoi sumu. Wanataka mgonjwa atulizwe, kiungo kisitikiswe, na afikishwe hospitali upesi. Lakini juu ya kichaa cha mbwa, Musa aliandika kwamba dawa zina faida kabla mgonjwa hajaanza kuogopa maji. Dalili hiyo ikishatokea, hakumwona aliyepona. Dawa zake zilikuwa dhaifu, na jicho lake lilikuwa sahihi: chanjo ya leo nayo ni ya kuwahiwa kabla ya dalili. Sehemu moja ya kitabu imekufa na nyingine inaishi, na iliyo hai ni ile aliyoiandika kwa kuangalia na kusema alichokiona.

Kipimo cha nne ni cha mfasiri. Mwaka huohuo wa 1199 Samuel ibn Tibbon, aliyekuwa akiifasiri Dalalat al-Hairin kwa Kiebrania huko kusini ya Ufaransa, alimwandikia Musa akitaka kuja kumwona. Musa alimjibu kwamba hatapata naye saa ya faragha. Kila siku huenda kwa mtawala Kairo, hurudi Fustat baada ya adhuhuri akiwa na njaa, na kuukuta ua wake umejaa wagonjwa, Wayahudi na wasio Wayahudi, wakubwa na wadogo. Huwatibu mpaka usiku, na mwisho huwa amejilaza kwa uchovu hali anazungumza nao. Lakini katika barua hiyo ya mtu aliyechoka imo kanuni ya kazi ya tafsiri: mfasiri asifuate neno kwa neno wala mpango wa sentensi ya asili, kwanza aifahamu maana, kisha aiseme kwa namna inayoeleweka katika lugha ya pili. Ibn Tibbon aliimaliza tafsiri yake tarehe 30 Novemba 1204, na Musa akafariki tarehe 13 Desemba. Ulimwengu wa Ulaya ulimpata kwa njia ya wafasiri, na Thomas Aquinas alimnukuu kwa jina la Rabi Musa.

Kiswahili kina ushahidi wake juu ya kanuni hii. Jina la kitabu lenyewe lina jamaa katika lugha yetu: dalala ni jamaa ya dalili na ya dalali, na hairin ni jamaa ya kutahayari. Mfasiri wa neno kwa neno angeweza kutuandikia kitabu cha dalali wa waliotahayari, yaani mtu wa mnada na watu walioona haya. Maneno yamevuka bahari, na njiani yamebadili kazi. Maana yake ni mwongozo wa waliotatizika.

Na Ifakara ina ushahidi ulio mzito kuliko huo. Watafiti waliofanya kazi katika bonde hili katika miaka ya 1990 walieleza kwamba wazazi wengi walitenga homa ya malaria na degedege. Homa ilipelekwa hospitali. Mtoto aliyekakamaa alihesabiwa kuwa na maradhi mengine, na mara nyingi mganga ndiye aliyeitwa kwanza. Kwa daktari yalikuwa maradhi mamoja, ya pili yakiwa ukali wa yale ya kwanza. Tangazo lililosema kwamba malaria ina dawa hospitalini lilikuwa la kweli kila neno, na bado mama mwenye mtoto wa degedege hakuambiwa kitu. Kosa halikuwa katika tangazo wala katika mama. Maana ilikuwa haijafahamika kabla ya maneno kutolewa. Iliposikilizwa, kazi ilibadilika. Na vyandarua vilivyotiwa dawa, vilivyouzwa Kilombero na Ulanga tangu mwaka 1997, vilipewa jina ambalo halikuhitaji mfasiri: Zuia Mbu.

Urithi wa Musa bin Maimun, basi, si kitu kimoja cha kusifiwa wala kulaumiwa kwa jumla. Alijua kuliko wengi kwamba elimu haimwagwi. Hupimwa kwa chombo cha mpokeaji. Pale alipopima na kuuacha wazi mlango wa kuuliza, kama katika kitabu cha sumu, katika ukosoaji wa Galen na katika barua ya mfasiri, kazi yake inasomeka leo kama ya mtu aliye hai. Pale alipoufunga, kwa kuondoa mashahidi au kwa kuficha, watu wa zama za nyuma walilazimika kuuvunja. Na pale ambapo yeye mwenyewe hakuuliza, alikosea juu ya watu wa bara zima. Mwanafunzi wa utabibu anayetoka darasani Ifakara na kuingia wodini ana haki ya kurahisisha, ana wajibu wa kufasiri, na hana ruhusa ya kuficha. Mgonjwa akimwuliza, "Umejuaje, daktari?" ampe jibu, na jibu hilo liwe kwa lugha ambayo mgonjwa anaweza kuibishia.